Jino la Juu, Kushoto

Mwezi uliopita nilikula keki yenu, nikapokea saa ya ukutani, nikasikiliza hotuba tatu ambazo zote zilisema mimi ndiye baba wa muziki wa ska katika pwani yetu. Sikubisha kwa sababu kinywa kilikuwa kimejaa keki. Lakini asubuhi ile kwenye mazoezi nilikuwa nimeona jambo likanikaa kooni: wawili kati yenu, sitawataja, mlipofikia zile noti za juu mwishoni mwa wimbo, mlilivuta tarumbeta mkalibana mdomoni mpaka midomo ikawa myeupe. Siku ile ilikuwa ya kuagana, si ya kugombezana. Sasa nimestaafu na ninao muda wa kugombeza kwa maandishi.

Vyeo sitavigusa, maana kwenye bendi viko viwili tu, kiongozi na wengine. Mishahara nayo sitaigusa, nina presha. Nitaandika juu ya mdomo, kwa sababu mpiga tarumbeta hana kingine. Gitaa likivunjika unanunua jingine.

Nilianza kwetu Taita, katika bendi ya kanisa, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Aliyetufundisha ni Koplo Mbaruku, Mswahili wa Mombasa aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi, Mwislamu wa swala tano aliyekuja kutufundisha tenzi za rohoni kwa sababu padri hakupata mwingine. Siku ya kwanza nilidhani nitapewa tarumbeta. Nilipewa kioo cha kunyolea ndevu pamoja na kipulizio peke yake, kile kikombe kidogo cha shaba kinachokaa mdomoni, nikaambiwa nikae kwenye kona nikipulize mpaka kitoe mlio wa nyuki. Nilikaa kwenye kona ile wiki tatu. Mama aliwaambia majirani kwamba nafundishwa kufuga nyuki.

Koplo alikuwa na mtindo wake wa kusahihisha. Akikuona umekikandamiza chuma mdomoni, hakupigi wala hakutukani. Anakuja mbele yako, anafungua kinywa, anakuonyesha pengo la mbele, juu, kisha anasema: “Hapa ndipo ilipokuwa kazi yangu.” Basi. Mtoto unarudi kwenye kioo. Alitueleza kwamba mdomo wa juu hausimami peke yake, umeegemea meno mawili ya mbele, na moja likitoka mdomo unaingia ndani, hewa inavuja pembeni, na ufundi wa miaka yote unaondoka na kile kijipande cha mfupa. Anayebana ni yule ambaye mdomo umechoka na hataki kukubali. Nilimsikia vizuri sana, na nimemsikia miaka hamsini, isipokuwa Ijumaa moja.

Ska ilitufikia kwa kaseti. Nilikuwa kijana katika bendi ya hoteli kaskazini mwa Mombasa, tukipiga rumba na zile nyimbo za kuwaamsha watalii wacheze. Baharia mmoja alimwachia mpiga gitaa wetu kaseti isiyo na picha wala jina la mtu, imeandikwa kwa kalamu neno moja tu, SKA. Tuliisikiliza mpaka utepe ukalegea. Wengine wote duniani wanahesabu moja, mbili, tatu, nne, na kupiga makofi kwenye namba. Ska inakaa katikati ya namba na namba. Gitaa linachomeka pale, na sisi wa tarumbeta tunachomeka pale, kifupi, kikavu, halafu unanyamaza unangoja nafasi nyingine. Tulipoipiga mara ya kwanza ukumbini, meneja alimwita kiongozi wetu pembeni akamwonya kwamba mpiga gitaa wake anachelewa, na wapiga tarumbeta wameanza kumuiga.

Tuliendelea kuchelewa namna hiyo zaidi ya miaka ishirini. Hapo ndipo mnaponiita mwanzilishi, na mimi nimechoka kukataa. Kisha hoteli zikagundua kwamba mtu mmoja na kinanda cha umeme anaweza kufanya kazi ya watu tisa, tena hadai chakula. Tulitoka mmoja mmoja. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, wakati kila mtaa Mombasa ulikuwa na wakala anayetafuta watu wa kwenda Saudia, mimi nilikuwa na miaka hamsini na moja, binti wa mwisho yuko chuoni, na leseni safi niliyoipata kwa kuendesha gari la bendi. Wakala aliitazama leseni, hakuutazama mdomo. Nikaandikwa dereva wa nyumbani, Riyadh.

Tarumbeta nililibeba. Mke wangu aliniuliza nalipeleka wapi, nikasema sijui, ila siwezi kuliacha likaoza vali, vile vibonyezo vyake vitatu. Pale uwanja wa ndege askari wa forodha alifungua boksi, akalinyanyua, akachungulia ndani ya kengele yake, ule mwisho mpana unaotoa sauti, akaniuliza kitu kirefu. Nilijibu “naam”, neno pekee nililokuwa nalo. Akalirudisha.

Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mhandisi, Abu Fahad, mtu wa miaka arobaini hivi, ambaye mimi mzee mzima nilimwita baba kama walivyofanya wafanyakazi wote wa nyumba ile. Mkewe, Umm Fahad, tulimwita madam. Hawakuwa watu wabaya. Chumba changu kilikuwa kando ya geti, kina kiyoyozi kinachonguruma, na ukuta wake mmoja ni ukuta wa jirani. Siku ya kwanza nililitia boksi uvunguni nikafikiri nitauliza baadaye kama naruhusiwa. Siku zinavyokwenda ndivyo swali linavyokuwa gumu kuuliza, maana mtu atataka kujua kwa nini hukuuliza siku ya kwanza. Wenye akili huwa wanauliza mapema.

Ijumaa nilikuwa napewa nusu siku, nashuka Batha, mtaa wa wageni, kama watu wote, kutuma pesa na kusikia Kiswahili. Huko ndiko nilikokutana na Wekesa, mlinzi wa jengo la maduka, kijana wa Bungoma mwenye kifua cha mlango. Nilimweleza habari ya tarumbeta. Alinitazama kwa huruma akaniambia, mzee, hiyo kitu usijaribu kupuliza hapa, majirani watapiga simu na wewe utarudishwa nyumbani na mdomo wako. Miaka ile muziki wa hadharani haukuwapo, na mfanyakazi wa nyumbani hakuwa mtu wa kwenda kuuanzisha. Nikamwamini.

Kwa hiyo nilifanya kazi na kipulizio peke yake. Sehemu kubwa ya udereva ule ni kungoja. Madam anakaa kwa dada yake saa tatu nzima, wewe uko garini, kiyoyozi kinavuma, vioo vimefungwa. Nilikuwa natoa kipulizio mfukoni nafanya mlio wa nyuki, dakika tano, napumzika tano, kama mtoto wa kwenye kona. Kwa mpiga ska kungoja si adhabu, nusu ya kazi yetu ni kuhesabu mahali tusipopiga. Siku moja binti yao wa miaka sita alinisikia akamuuliza mama yake dereva anafanya nini. Madam alimjibu kwamba dereva anaomba dua za kwao. Sikumsahihisha. Na mara moja kila mwezi nilifungua boksi, nikatoa vali zote tatu, nikazifuta kwa kitambaa cha pamba, nikatia mafuta. Mafuta ya vali yananuka kama mafuta ya taa. Wekeni jambo hilo akilini.

Nilikaa hivyo miaka miwili kasoro kidogo. Niliamini mdomo wangu uko vilevile. Vijana, hilo ni kosa. Kipulizio kinaulinda mdomo usisahau, lakini hakiujengi. Msuli usiobeba mzigo unalegea, hata kama mwenyewe kila siku unausalimia.

Halafu baba akahamishiwa kazi Jeda, na sisi tukahama naye. Nyumba mpya haikuwa na chumba cha dereva, akanipa ruhusa nikapange nje. Wekesa alikuwa ametangulia Jeda na kampuni yake ya ulinzi, ndiye aliyenitafutia kitanda Bani Malik, gorofa ya tatu, Wakenya watano kwenye vyumba viwili, kamba za nguo mpaka juu ya jiko. Na Ijumaa yote ikawa yangu, kutwa nzima. Sikuwahi kuwa na siku nzima tangu nishuke ndege.

Mtaa wa nyuma palikuwa na karakana ya makochi, na fundi wake mmoja alikuwa Mwethiopia anayeitwa Tesfai. Wekesa alinipeleka kwake kutafuta godoro. Nilipofika nilimkuta anashona huku anapiga mluzi, na ule mluzi wake ulikuwa unapumzika mahali ambapo mtu wa kawaida hapumziki. Nikamuuliza kwa Kiarabu chetu cha kuungaunga, wewe ni mpiga nini? Akacheka, akasema saksafoni, kwenye kumbi za Addis, zamani. Saksafoni yake ilikuwa hapohapo, imefungwa mipira mahali springi zilipokatika. Na nyuma ya karakana ilikuwepo stoo ya sponji, imejazwa kutoka sakafuni mpaka dari, katikati wameacha nafasi ya kutosha watu wanne. Tesfai alinisukuma ndani, akafunga mlango, akapiga noti moja ndefu kwa nguvu zake zote. Wekesa aliyebaki nje alisema hakusikia kitu.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda na boksi langu. Nataka mnielewe nilivyokuwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, na mbele yangu kuna fundi wa muziki ambaye hajanisikia bado. Nilitaka anisikie nilivyokuwa Mombasa. Sasa, sponji inameza sauti. Unapuliza, na sauti inakufia mbele ya pua. Masikio yangu yakaniambia napiga kidogo, nikaongeza. Bado kidogo, nikaongeza tena. Mdomo ukachoka kabla wimbo wa pili haujaisha, na mimi mwanafunzi wa Koplo Mbaruku, niliyeonyeshwa pengo lile mara sijui ngapi, nikakivuta chuma nikakibana mdomoni ili nifike juu. Nikafika juu. Tesfai alipiga makofi. Nilikwenda nyumbani na ladha ya damu.

Asubuhi mdomo wa juu ulikuwa umevimba kama andazi, na jino la mbele, la juu kushoto, lilikuwa linacheza nikiligusa kwa ulimi. Nilivaa barakoa nikaenda kazini. Madam aliiona barakoa, akaniambia niivue, akaona. Alimpigia baba simu.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho mimi mwenyewe nilikuja kukijua baadaye. Baba alikuwa ananitazama kwa muda mrefu. Tangu Riyadh mjakazi aliyefagia chumba changu alikuwa amesema kuna boksi jeusi uvunguni, limefungwa kwa kufuli, na chumba kinanuka mafuta. Kisha Jeda, dereva ameondoka na boksi kwenda kupanga nje, na Ijumaa hakuna ajuaye anakokwenda. Sasa amekuja kazini Jumamosi, mdomo umepasuka, na watoto wake wanne wanapanda gari la mtu huyu kila asubuhi kwenda shule. Pombe inayopikwa kwa siri vyumbani inajulikana, na wanaoipika wanarudishwa kwao siku hiyohiyo. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi unaofuata.

Alinipeleka kliniki mwenyewe. Nilidhani ni kwa ajili ya kadi ya bima. Kumbe alitaka kumsikia daktari akisema kilichonipasua.

Daktari alikuwa Mmisri mwenye haraka. Aligonga jino kwa kichuma, akalisukuma mbele na nyuma, nami nikaona nyota. Akasema mzizi umelegea, halas, yaani basi, tulitoe leo, wiki tatu zijazo atawekewa la bandia. Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti pembeni na tasbihi yake, alimuuliza kama jeraha lile ni la ngumi. Daktari alisema linaweza kuwa la ngumi, linaweza kuwa la kuanguka, mtu akiwa hajijui. Baba akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu ninayemwita baba.

Niliona yote kwa uwazi. Nikinyamaza, jino linatoka, na huenda kazi nikabaki nayo kama nitatunga uongo mzuri wa ngazi na giza. Nikisema, jino huenda likapona, lakini nitakuwa nimekiri kwamba miaka miwili nimeficha tarumbeta katika nyumba ya mtu bila idhini yake, na kwamba Ijumaa nilikusanyika na watu kwenye stoo kupiga muziki. Binti yangu alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu wa chuo. Jino la bandia watu wanakula nalo vizuri tu. Lakini wapigaji niliowajua waliorudi na meno ya bandia walipiga kama watu wanaotembea na viatu vya wengine, na wote waliacha. Daktari alikwisha kuchukua sindano ya ganzi. Aliniambia, kwa upole hasa, nisiogope, mimi ni dereva, jino la mbele halihitajiki kwenye usukani.

Nilimshika mkono.

“Daktari, hili ndilo ninalofanyia kazi,” nikasema. Kisha nikamgeukia baba. “Baba, mimi ni dereva wako, lakini miaka thelathini kabla yako nilikuwa mpiga tarumbeta. Nimelipasua mwenyewe kwa kupiga. Sikupigana na mtu wala sijanywa.”

Shida ni kwamba tarumbeta kwa Kiarabu sikulijua. Nilisema “tarumbeta”, wakanitazama. Nikainua mikono nikalishika lile lisilokuwepo, nikabonyeza vidole vitatu, nikafanya mlio wa nyuki kwa ule mdomo uliovimba. Damu ilirukia kitambaa walichonifunga kifuani. Muuguzi aligeukia ukutani mabega yakimtikisika. Daktari ndiye aliyepata neno, akamwambia baba: buuq.

Baba aliacha kuhesabu tasbihi. Halafu akauliza, polepole, kama ndicho kilichomo kwenye lile boksi jeusi. Nikasema ndicho. Na ile harufu ya mafuta ya taa? Mafuta ya kulainisha vali. Na Ijumaa? Tulipiga kwenye stoo ya sponji, mlango umefungwa, hata paka hasikii. Aliinamisha uso akaufunika kwa mikono yote miwili, nami nikajua imekwisha, tikiti inakatwa jioni. Alipoinua uso macho yalikuwa na machozi, lakini yalikuwa machozi ya kucheka.

“Alhamdulillahi,” akasema. “Siku nyingi silali. Nilishamwambia Umm Fahad kwamba watoto wetu tumemkabidhi mlevi.”

Alimwambia daktari afanye awezavyo jino libaki. Kisha akanigeukia, kicheko kimeisha, akaniwekea masharti: si nyumbani kwake, si garini kwake, na majirani zake wasijue kamwe. Yeye mwenyewe hataki kulisikia, hapendi kelele. Nikasema hadhir, hadhir, nimetii, mpaka akaniambia halas, funga mdomo daktari afanye kazi. Ambapo ilibidi niufungue. Nililia kwenye kile kiti na sioni haya kuliandika. Mzigo wa miaka miwili ulinitoka mgongoni kwa dakika tano, nikajihisi mwepesi mpaka nikaogopa kusimama.

Daktari alilifunga jino kwa waya mwembamba na jirani zake wawili, akaniambia miezi mitatu nisipulize hata kibiriti. Likikataa kushika, nitarudi alitoe. Kwa hiyo kazi ilikuwa imepona, mkataba ukasainiwa, lakini jino bado lilikuwa na shauri lake.

Miezi mitatu ile ndiyo shule yangu ya pili. Kila adhuhuri madam alinitumia bakuli la shorba, supu ya dengu. Kipulizio nilimpa Wekesa anifichie nisishawishike. Nilifanya mazoezi ya vidole kwenye usukani gari likiwa limesimama, na ya kuhesabu kila mahali. Ijumaa nilikuwa bado nakwenda stoo, nakaa juu ya sponji, namfundisha Wekesa kupiga debe tupu la samli kwenye nafasi kati ya namba na namba. Alikulia kwenye ngoma za isukuti za kwao, mkono wake ulikuwa unajua kuangukia kwenye namba tu, na alilalamika kwamba ninamfundisha kukosea kwa makusudi. Nilimwambia meneja mmoja wa hoteli angekubaliana naye.

Tesfai ndiye aliyenitibu tabia. Aliniuliza kwa nini nilibana, nikamweleza habari ya sauti inayomezwa. Ijumaa iliyofuata nilikuta amefunga ndoano kwenye dari, na tarumbeta langu linaning'inia kwa uzi wa kushonea makochi, kimo cha mdomo wangu. Akanieleza: siku utakayoruhusiwa, utapiga hivi, mikono nyuma. Ukilisukuma linakukimbia. Unaweza tu kulisogelea na kulipulizia. Niliporudi Mombasa kupiga nanyi nilirudi na uzi na ndoano; nimewawekea kwenye droo ya kabati la noti katika chumba cha mazoezi, mkono wa kulia, mnaojijua mkavitumie.

Waya ulitolewa siku ya Jumatano. Daktari alilisukuma jino huku na huku akaridhika. Nikamuuliza kama nitaweza kupiga. Alisema kwa kutafuna limeshika, kwa kupuliza hajui, hajawahi kumtibu mpiga tarumbeta, na huenda shinikizo la kwanza tu likaling'oa. Aliniombea heri. Nilimshukuru kwa kusema kweli, ila usingizi wa Jumatano na Alhamisi aliondoka nao.

Ijumaa tulikuwa watatu stoo. Wekesa alinirudishia kipulizio kimefungwa kwenye soksi safi. Nikakichomeka, Tesfai akalinganisha uzi, mimi nikaweka mikono nyuma nikashika kiganja kwa kiganja. Nilikuwa na jasho kama niko juani. Nikasogea mpaka shaba ikagusa mdomo, baridi, nikavuta pumzi, nikapuliza. Ilitoka hewa tupu, na tarumbeta likayumba likanikimbia. Wekesa alisema pole. Nikangoja litulie. Nikasogea tena, taratibu, nikaacha midomo ifanye ule mlio wa kwenye kona bila kulazimisha lolote, na ikatoka noti moja ya chini, ndogo, nyembamba, inatetemeka pembeni. Niliishikilia nikihesabu mpaka nane. Wekesa alikuwa na fimbo juu ya debe na hakupiga, ananitazama mdomoni tu.

Nikaiachia noti. Tesfai akaniuliza, “Jino?”

Niliogopa kuligusa. Mwishowe nikapeleka ulimi, nikalisukuma mbele, nikalisukuma nyuma. Halikusogea.

“Lipo,” nikasema. Tesfai akauliza tena kana kwamba hakusikia, nikamjibu tena lipo. Na mara ya tatu hakuna aliyeuliza, nilikuwa najiambia mwenyewe.